Kufundisha uongozi ndani ya salle (wodi): mwongozo kwa wanaotunza wazee Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanzisha mafunzo ya uongozi kwa wauguzi, madaktari na wahudumu wengine wanaotunza wazee hapa mjini. Labda wewe ni mkuu wa kituo cha afya Katuba, mkurugenzi wa uuguzi katika lopitali kubwa, au mwalimu wa wauguzi. Hoteli haihitajiki, wala mgeni wa kutoka Ulaya. Tafuta watu kama 12, nusu siku kila wiki mbili kwa miezi sita, kaye (daftari) moja kwa kila mtu, mizani, saa yenye mshale wa sekunde, na mkuu aliyekubali kwamba kuna kitu kitabadilika.

Msimamo wangu niuseme mapema, kwa sababu hatua zote zinautegemea: kuongoza hakufundishwi kwa projekta. Mtu hujifunza akiwa na wagonjwa wake mwenyewe, wenzake wa zamu, na jambo moja alilojitwika kulirekebisha. Kikao cha darasani ni mahali pa kuja kusema lilivyokwama.

Na kwa nini wazee? Mtoto mchanga ana kadi yake ya chanjo. Mama mjamzito ana siku yake ya kupimwa, na tangu 2023 serikali imeanzisha mpango wa uzazi bila malipo. Mzee anapanga mstari mmoja na watu wote, anaitwa jina, hasikii, anapitwa. Akipata huduma nzuri, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu ndani ya salle aliyeamua kulisimamia jambo hilo bila kuagizwa. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemtafuta na kumpa zana.

Hatua ya 1: Chagua watu

Usichukue wakuu peke yao. Wakuu wataketi mstari wa mbele, wataandika vizuri, kisha warudi ofisini, huku mzee wa kitanda cha mwisho akiendelea kulala na nguo iliyolowa. Chukua wawili wawili kutoka kila salle au kituo: mmoja mwenye cheo, mmoja asiye nacho, ikiwezekana anayefanya zamu za usiku. Wazee huchanganyikiwa usiku, huanguka usiku wakienda choo, na usiku ndipo salle nzima inabaki mikononi mwa muuguzi mmoja na stajere (mwanafunzi wa mazoezi).

Ongeza mtu wa mazoezi ya viungo, mtu wa famasi, na mtu wa kasa (anayepokea malipo). Ndiyo, wa kasa. Katika lopitali zetu huyo ndiye anayejua ni mzee gani aliyeandikiwa kipimo jana na hakurudi kulipa. Nimesikia watu wakicheka jina lake likisomwa kwenye orodha; wacheke, ila jina libaki.

Mkizidi 16, gawanyeni makundi mawili. Katika kundi kubwa wanaoongea ni wale wale.

Hatua ya 2: Patana na mkuu kwa maandishi

Ukurasa mmoja unatosha, wenye mambo matatu. Kwanza muda: nusu siku hiyo iandikwe kwenye ratiba ya zamu, isiwe ya kuiba. Pili ruhusa: kila mshiriki abadilishe jambo moja dogo katika salle yake bila kungoja barua. Tatu kinga: atakayeleta kosa au upungufu mezani hataitwa kujieleza. Mkuu akisita kwenye la tatu, ahirisha mafunzo. Watu wanaoogopa wataleta takwimu nzuri tu, na takwimu nzuri tu hazikufundishi chochote.

Kisha fedha. Tumezoea seminere yenye per diem (posho ya siku), na wapo wanaohesabu siku za seminere kuliko siku za kazi. Siwalaumu sana, tunajua primu (nyongeza za mshahara) zinavyochelewa. Lakini mafunzo yanayoishi kwa per diem hufa siku mfadhili anapoondoka. Lipa usafiri, weka chai na mkate, kiasi kiwe kilekile kwa daktari na kwa mwanamke anayesafisha, na kitangazwe siku ya kwanza ili kisizungumzwe tena.

Hatua ya 3: Wafanye wazee waonekane

Kabla ya somo lolote la uongozi, kila mshiriki apime wazee kumi wa mahali pake pa kazi. Mzee hapa ni mwenye miaka 60 kwenda juu, kipimo kinachotumiwa na Umoja wa Mataifa. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu uitwao ICOPE, ambao mwongozo wake wa mkononi ulitoka 2019, nao unaangalia uwezo wa mwili na akili badala ya orodha ya magonjwa. Mambo yake ni sita, na karibu yote hayahitaji mashine:

- Kumbukumbu: mtajie maneno matatu mepesi, mfano ua, mlango, mchele. Muulize leo ni tarehe gani na yuko wapi. Halafu mwombe ayarudie maneno yale.
- Kutembea: ainuke kwenye kiti na kukaa mara tano bila kujishika kwa mikono. Akizidi sekunde 14, au akishindwa, andika.
- Lishe: je, amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia? Je, hamu ya kula imepotea?
- Macho: je, ana shida ya kuona mbali au karibu, ya kusoma?
- Masikio: mnong'oneze kutoka upande asikoweza kuona midomo yako.
- Moyo kulemewa: katika wiki mbili zilizopita, je, amekuwa na huzuni, au mambo aliyoyapenda hayamvutii tena?

Kilo 3 utazijuaje kama hapakuwa na mizani nyumbani? Uliza mshipi umefungwa tundu la ngapi, au tazama jinsi kitambaa kinavyozunguka kiunoni. Swali la bukari (ugali) lina hila yake: wazee wengi watakujibu kwamba wanakula vizuri kwa sababu ya heshima ya mkwe anayepika. Muulize huyo mkwe kando sahani inarudi na kiasi gani.

Ongezeni swali la saba, la hapa kwetu: ulifanya kazi gani? Katika 2003 na 2004 watu 10,655 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kwa mpango wa "départs volontaires" (kuondoka kwa hiari) uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Walikuwa wamezoea lopitali ya kampuni, shule ya kampuni, unga wa kampuni. Waliobaki hai ndio hawa wanaokuja sasa na watoto wao wakichanga fedha ya dawa. Aliyefanya kazi chini ya ardhi Kipushi anaweza kuwa na vumbi katika mapafu. Kikohozi chake kisiishie kwenye kipimo cha kifua kikuu. Aliyesimama miaka karibu na mashine za kusaga mawe huenda hasikii, na watu wanasema ana kiburi.

Kazi ya uongozi inaanzia hapa. Mshiriki akimaliza wazee wake kumi, anasimama mbele ya wenzake wa salle kwa dakika tano na kueleza alichokikuta: wangapi hawawezi kuinuka, wangapi hawasikii, wangapi hakuna aliyewahi kuwauliza. Asilaumu mtu. Atoe namba, atulie, asikilize. Wengi huona hilo ni gumu kuliko mtihani wa shule, na ndiyo sababu lifanywe mapema.

Hatua ya 4: Maswali manne ya kila asubuhi

Nchini Marekani, kuanzia 2017, mashirika mawili, John A. Hartford Foundation na Institute for Healthcare Improvement, walisukuma utaratibu wa mambo manne kwa kila mzee aliye hospitalini: lililo muhimu kwake, dawa zake, akili yake, na kutembea kwake. Hauna gharama, na unafaa kwetu ukichukuliwa bila mapambo. Mimi huanza na la kwanza, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi.

Angalia tunavyofanya ziara ya asubuhi. Daktari, stajere na wauguzi wanasimama kuzunguka kitanda na kuongea Kifaransa juu ya kichwa cha mzee. Kisha mtoto wake anaulizwa. Yeye mwenyewe, aliyelea watu wote hao, anatazama dari. Wafundishe washiriki kanuni hii: mbele ya kitanda ni Kiswahili, au Kibemba, au Kiluba, lugha yoyote anayoielewa mgonjwa, Kifaransa kisubiri mezani. Kaa chini, usizungumze ukiwa umesimama. Mwite Papa au Mama, usimwite namba ya kitanda. Na muulize yeye kwanza:

"Papa, ukiwa hapa kwetu, ni kitu gani unataka zaidi tukusaidie?"

"Nataka kufika ku choo miye mwenyewe. Nasikia haya mutoto wangu mwanamuke kunivua."

Jibu kama hilo linabadilisha mpango mzima wa matibabu. Huyo hahitaji mpira wa mkojo uliowekwa ili kuwapunguzia wauguzi kazi. Anahitaji fimbo, kiatu kisichoteleza, na mtu wa kumshika bega mara tatu kwa siku. Kiongozi wa salle anaandika jibu hilo juu ya fishi (kadi ya mgonjwa), mahali ambapo zamu ya usiku italiona.

Kwenye dawa, kuna zoezi moja ambalo halijawahi kuniangusha. Mwombe ndugu alete mfuko wenye dawa ZOTE za nyumbani, pamoja na za mizizi na zile zilizonunuliwa kwa mchuuzi wa barabarani. Zimwageni mezani. Mtakuta dawa ileile kwa majina mawili, mtakuta diclofenac inayomezwa kila siku kwa ajili ya magoti huku figo na tumbo vikiumia, mtakuta diazepam ya usingizi inayomwangusha mtu asubuhi. Glibenclamide, dawa ya kisukari, iangalieni kwa jicho kali: kwa mzee asiyekula vizuri inaweza kushusha sukari hadi azimie, na nyumbani watasema amepigwa na kitu. Muuguzi hafuti dawa. Anaandika orodha, anaipeleka kwa daktari, anaomba uamuzi leo. Kujua kuomba uamuzi leo ni sehemu ya mafunzo, tutaifikia.

Akili na kutembea nitavipitia upesi. Kila asubuhi uliza: je, leo amechanganyikiwa kuliko jana? Mabadiliko ya ghafla ni dharura, tafuta malaria, maambukizo, upungufu wa maji, mkojo uliojaa, choo kilichofunga, maumivu, dawa mpya. Na aamke kitandani. Watafiti wa Marekani walichapisha 2007 kwamba wazee wazima wa afya waliolazwa kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa.

Hatua ya 5: Jambo moja, salle moja, wiki mbili

Hapa ndipo mafunzo yanapokaa au kuvunjika, kwa hiyo yape vikao vingi kuliko hatua nyingine.

Kila mshiriki achague jambo dogo. "Kuboresha huduma kwa wazee" si jambo dogo. "Kila mzee anayeweza kukaa awe ameketi kwenye kiti saa nne asubuhi" ni jambo dogo. Tuufuate huo kama mfano.

Siku ya kwanza jaribu kwa wagonjwa watatu, si kwa salle nzima. Utagundua viti havipo. Viko viwili na kimoja anakalia mlinzi. Utagundua pia kwamba ndugu wanaomlinda mgonjwa wanakasirika, kwa sababu kwao mgonjwa ni mtu wa kulala, na anayemwinua hana huruma. Na muuguzi wa asubuhi ana watu wengi wa kuchoma sindano; kuinua mzee kutamchelewesha. Mshiriki anarudi kwenye kikao na matatizo hayo matatu, si na ripoti ya mafanikio.

Kundi linamsaidia kufikiri. Viti: waombeni ndugu walete kimoja cha plastiki siku ya kulazwa, kama wanavyoleta ndoo na sufuria. Ndugu: waelezwe siku hiyohiyo ya kwanza, kabla hawajaona mzee akiinuliwa, na wafundishwe kumshika, mkono mmoja kiunoni na mwingine chini ya kwapa bila kuvuta bega. Muda: kuinua kufanyike wakati wa kutandika vitanda, ambapo watu wawili wapo tayari. Wiki inayofuata anajaribu na watu sita. Anahesabu saa nne kamili: wangapi wangeweza kukaa, wangapi wameketi. Namba mbili kwa siku, kwenye kaye.

Kabla ya kumwinua mara ya kwanza, presha ipimwe amelala, kisha baada ya dakika moja na dakika tatu akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, arudishwe taratibu na daktari aambiwe. Mzoezaji anayeruka hatua hii ataangusha mtu, na baada ya hapo hakuna atakayekubali jambo lenu.

Huku kupanga, kujaribu, kuhesabu na kurekebisha kunafundishwa dunia nzima kwa jina la Deming, Mmarekani aliyefundisha namna ya kuboresha kazi. Kwetu kunaitwa kujaribu kwa akili, na mama wa sokoni hufanya hivyo na bei za nyanya.

Kama jambo limekwama baada ya wiki nne, liachwe waziwazi na lingine lichukuliwe. Mshiriki aeleze sababu kwa wenzake.

Hatua ya 6: Kusema na aliye juu yako

Muuguzi wa miaka 26 anawezaje kumwambia daktari wa miaka 58 kwamba dawa aliyoandika inamzidi mgonjwa? Adabu yetu inamfunga mdomo, na mzee analipa. Usimfundishe kuivunja adabu. Mpe njia ya kupita ndani yake. Mpangilio wa sehemu nne unafaa: kinachotokea sasa, alikotoka mgonjwa, ninavyofikiri, ninachoomba.

"Docta, samahani, naomba dakika moja. Mama wa kitanda cha sita amelala tangu asubuhi, haamki vizuri. Jana alikuwa akiongea. Usiku alipewa diazepam, na tangu jana amekunywa kikombe kimoja cha maji. Nafikiri dawa imemzidi, au sukari imeshuka. Naomba nipime sukari sasa, na uje kumwona kabla ya dozi ya leo."

Igizeni. Mmoja acheze daktari mkali anayejibu "Wewe ndiye daktari?" Mwingine ajifunze kubaki palepale, sauti ileile, na kurudia ombi: "Hapana Docta, ndiyo maana naomba uje." Mcheke, halafu mrudie mpaka maneno yatoke bila kutafutwa. Na madaktari waliomo kundini wacheze muuguzi. Hilo huwapa somo ambalo mimi siwezi kuwapa.

Hatua ya 7: Familia, na maneno mabaya

Mama mzee akianza kuona watu usiku, kuita waliokufa, kukataa chakula cha mkwe fulani, kuna nyumba ambamo neno uchawi litatajwa kabla neno malaria. Mkataba wa Afrika wa haki za wazee, uliopitishwa Addis Ababa Januari 2016, unataja waziwazi tuhuma za uchawi kati ya mambo ambayo wazee wanapaswa kulindwa nayo, na Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 49, inampa mzee haki ya ulinzi wa pekee. Lakini saa nane za usiku hakuna anayesoma kifungu. Kuna muuguzi, na kuna wana watatu wenye hasira mlangoni.

Wafundishe kusema mapema, siku ya kulazwa: "Mama ana homa, mwili umekauka maji. Anaweza kusema maneno yasiyoeleweka usiku. Ni ugonjwa unaoongea. Inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, kutulia." Neno hilo likitangulia, lina nguvu kuliko likija kujibu shutuma. Mtafuteni katika familia mtu mmoja anayesikilizwa, mara nyingi dada mkubwa au mjomba, azungumzwe naye peke yake. Mgonjwa asiachwe gizani; délestage (kukatwa kwa umeme) ikija, tochi iwe karibu na uso anaoujua uwe pembeni yake. Na mkiona dalili kwamba atapigwa au kufukuzwa akirudi nyumbani, asiruhusiwe kutoka kabla mtu wa huduma za jamii hajajua anakokwenda. Hapa kiongozi wa salle asimame mbele mwenyewe, asimtume stajere.

Hatua ya 8: Pima, kabidhi, andika

Mtihani wa kabla na baada una faida ndogo. Mwezi wa sita waulizeni watu watatu kuhusu kila mshiriki: mmoja aliye chini yake, mmoja aliye juu yake, na ndugu wa mgonjwa mmoja. Swali ni moja: umemwona akibadilisha nini?

Kila mshiriki alete mrithi wake mwezi wa tano, maana watu wetu huhamishwa bila taarifa, na jambo la kiti cha saa nne lisihamishwe pamoja naye. Warithi ndio kundi la pili. La kwanza ndilo linalowafundisha.

Anzeni Aprili. Mvua inakuwa inaisha, barabara za Katuba na Ruashi zinapitika, na baridi ya Juni na Julai, inayoleta nimonia kwa wazee, itawakuta mkiwa tayari na kaye zenu. Mtamaliza mwisho wa Septemba. Tarehe 1 Oktoba, siku ya kimataifa ya wazee, mwalikeni daktari mkuu wa zoni ya afya aje salleni, asisubiriwe kwenye ukumbi, na mumpe ukurasa mmoja kwa kila mradi: namba ya mwanzo, namba ya mwisho, na ombi moja linalotimizika, kama viti kumi au taa mbili za betri. Nakala iende Divisheni ya Mkoa ya Afya ya Haut-Katanga, ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kaye zibaki kabatini mwa salle, na ufunguo uwe kwa zamu, si kwa mtu.